Kingamwili ya Mbuzi na Maziwa ya Ilomba

Vijana wangu mnaoingia maabara mwaka huu, nianze kwa kukiri. Kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini nililifanya nikiwa tayari mtu wa kuombwa ushauri. Makosa ya ujana yana utetezi wake. Hili langu halina. Nilikuwa na mvi, nilikuwa na ufunguo wa friza, na juu ya mlango wangu palikuwa na kibao kilichosema "Fundi Sanifu Mkuu". Kibao chenyewe nilikipigilia mimi.

Nilistaafu mwaka jana, kabla ya lazima, kwa sababu ya macho. Sasa nashinda nyumbani Ilomba, hapahapa Mbeya, nalima mboga za kula, na watoto wa jirani wananiita daktari kwa kuwa waliona koti jeupe kwenye kamba ya nguo. Sijawasahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta kitu kidogo ndani ya kitu kidogo. Mwili una seli, seli ina kiini, na ndani ya kiini kuna vidoa ambavyo vitabu huviita nukleoli. Humo ndimo seli inamoundia mitambo ya kutengenezea protini. Seli yenye haraka ya kukua, kama ya saratani, nukleoli zake mara nyingi huwa kubwa na nyingi kupita kawaida. Sasa, protini iliyomo humo huwezi kuiona hivihivi, hata ukiwa na hadubini nzuri namna gani, mpaka umtume mtu akaikamate. Mtu huyo ndiye kingamwili.

Anapatikanaje? Unachukua protini unayoitafuta, unamdunga mnyama. Damu ya mnyama inaiona ni mgeni, inatengeneza kingamwili za kumkamata. Zile tulizotumia sisi zilikuwa za mchanganyiko: nyingine zinashika protini kichwani, nyingine kiunoni, nyingine mguuni, kama wanaume wanavyomkamata dume la ng'ombe siku ya kuogesha. Uzuri wake, protini haiponyoki. Ubaya wake, mnyama akifa kundi lile la wakamataji limekwisha, na mnyama anayefuata atakupa kundi lenye tabia zake. Halafu kuna kingamwili ya pili, ambayo kazi yake ni kuikamata ile ya kwanza, nayo imebebeshwa rangi inayong'aa. Palipong'aa ndipo protini ilipo. Ndivyo nadharia inavyosema. Nadharia haijawahi kuosha slaidi.

Nilianzia Iringa, kwenye kituo kilichofuga sungura kwa kazi hiyo. Nilifika na shahada yangu na viatu vilivyong'arishwa, nikakabidhiwa ndoo na fagio. Kwa miezi kadhaa sayansi yangu yote ilikuwa mavi ya sungura. Lakini pale nilijifunza vitu ambavyo chuo hakikunipa. Sikio la sungura lisuguliwe kwanza lipate joto, hasa asubuhi za Juni za Iringa, la sivyo mshipa unajificha. Tena damu ya kwanza ichukuliwe kabla hujamdunga mnyama chochote, itunzwe, ili siku ukidai damu yake inakamata protini uweze kuonyesha kwamba mwanzo ilikuwa haikamati.

Mimi nilisahau kuchukua hiyo damu ya kwanza. Sungura watatu. Mkuu wa kituo, Mlutheri mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, aliniita bandani.

"Kijana, sungura akishadungwa, unaweza kumrudisha jana?"

"Hapana, mzee."

"Basi walishe vizuri. Hawa sasa ni wa kupamba banda."

Waliishi miaka, wakazaana, na kila kizazi kilinitazama kwa dharau.

Nilipohamia Mbeya niliangukia mikononi mwa Mama Tumpe, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Wiki ya kwanza alinikuta nikiandika majina kwenye slaidi kwa kalamu ya wino niliyozawadiwa siku ya mahafali. Akaniacha nimalize. Akaniacha niziloweke kwenye spiriti. Kisha akaniita nizisome. Zilikuwa kumi na mbili, safi, zisizo na jina, kama watoto wasiobatizwa.

"We Kihwele," akasema, "kalamu hiyo ni nzuri fijo, nzuri sana, kwa barua za mapenzi. Slaidi huandikwa kwa penseli."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kingamwili ikifika igawanywe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo, kila kichupa cha kazi moja, kama nyama ya sherehe ya kipaimara inavyogawiwa ili kila mtu apate. Ukiigandisha na kuiyeyusha kila wiki inachoka. Alinifundisha pia slaidi ya shahidi. Katika kila kundi la slaidi, moja inyimwe kingamwili ya kwanza na ipewe vingine vyote. Ile ikiwaka, unajidanganya. Mama Tumpe hakukubali sababu yoyote ya kuiruka. Niliwahi kumwambia slaidi ni chache, akanijibu, "Zikiwa chache ndiyo unataka uongo?"

Na alinifundisha kusiliba. Hilo ni neno lake, halimo kwenye vitabu. Kabla ya kumwaga kingamwili, funika kila mahali inapoweza kunata ovyo, kama unavyosiliba ukuta wa nyumba. Tope letu lilikuwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Protini za maziwa zinanata kila palipo wazi, na kingamwili ikija inakuta nafasi zote zimekaliwa isipokuwa ile inayoitafuta. Tulisiliba kwa maziwa miaka nenda miaka rudi, kingamwili zetu zikiwa za sungura, na hatukupata tatizo hata siku moja. Hiyo ndiyo hatari ya kitu kinachokubali miaka mingi: unaacha kujiuliza kwa nini kinakubali.

Mama Tumpe akastaafu, kibao kikapanda mlangoni, na akaja Minza.

Minza alikuwa mwanafunzi wa uzamili, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu. Kwao ni ndani kutoka Chimala. Mrefu, maneno machache, na alikuwa na slaidi kumi na mbili tu: vipande vyembamba vya uvimbe vilivyotoka hospitali kwa ruhusa ya wagonjwa. Nyingine hazikuwepo wala zisingepatikana. Baba yake, Mzee Masunga, alikuwa amekubali miaka miwili ya masomo, wa tatu hakuukubali. "Akimaliza, sawa. Asipomaliza arudi, wapo wanaomsubiri," alisema, na wanaomsubiri hawakuwa ng'ombe peke yao. Zilikuwa zimebaki wiki tatu akutane na jopo la watahini. Msimamizi wake, ambaye wote tulimwita Daktari, alishamwambia wazi: bila picha za nukleoli hakuna tasnifu.

Kichupa cha kingamwili kilipofika tukakuta kimetoka kwa mbuzi. Sungura tuliyemzoea alikuwa amekwisha huko alikokuwa.

"Mzee," Minza akasema, "hapa wameandika mbuzi. Hakuna tunachobadilisha?"

"Binti, mbuzi na sungura wote wanakula majani."

Naona mnacheka. Subirini. Kingamwili ya pili nilikuwa nimeagiza inayostahili, iliyotengenezwa kwa punda ili imkamate mbuzi, kwa hiyo nilijiona nimemaliza kufikiri.

Wiki hiyohiyo kopo la maziwa ya unga likaisha. Nikazunguka maduka ya Mwanjelwa, nikakuta ya chai tu, yenye mafuta. Jirani yangu pale Ilomba, Mama Sekela, alikuwa na ng'ombe wa kisasa aliyetoka kuzaa. Akaniletea jagi zima, bure. Mazito, ya rangi ya njano. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikayapeleka kazini, nikayazungusha kwenye mashine mpaka mafuta yakapanda juu, nikayaengua. Nikabaki na maziwa mazito yasiyo na mafuta. Tope zito, ukuta imara, nikajipongeza.

Na kwa kuwa slaidi zilikuwa chache, nikaamua tusipoteze moja kwa ajili ya shahidi.

Ndiyo. Mimi. Mwanafunzi wa Mama Tumpe.

Tulifanya slaidi sita. Nilipochungulia, nilidhani nimeacha taa ya chumba ikiwaka. Kila kitu kilikuwa kinang'aa: kiini, nje ya kiini, hadi kioo chenyewe. Kutafuta nukleoli mle ilikuwa kama kutafuta njiti ya kiberiti iliyowashwa saa sita mchana.

"Mbuzi mbovu huyu," nikatangaza. Nikaandika barua kwa waliotuuzia, barua kali, yenye maneno kama "tumesikitishwa", nikaituma alasiri ile. Kesho yake tukapunguza nguvu ya kingamwili tukafanya slaidi nne nyingine. Zikawaka vilevile. Minza akazipanga mezani, akazitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nimebakiwa na mbili." Ningefurahi kama angenitukana.

Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye kiti changu, ameshika kijiko kipya cha plastiki.

"Shikamoo, mzee. Naomba ufungue mdomo."

"Marahaba. Kufanya nini?"

"Nataka seli za shavuni. Zangu za hospitali sizigusi tena mpaka nijue. Za kwako haziwezi kuisha, samahani, unaongea sana."

Nikafungua. Alikwangua, akapaka kwenye slaidi, akaandika kwa penseli, akasiliba kwa maziwa yangu, akaweka kingamwili ya pili tu. Mbuzi hakumweka kabisa. Baada ya saa kadhaa tukachungulia. Shavu langu lilikuwa linawaka kama duka la simu.

"Mbuzi hayumo humu, mzee," akasema. "Na bado panawaka."

Hapo nilijitetea kama tunavyojitetea wakubwa, kwa kulalamikia kitu kingine. "Labda maziwa. Hata hayo maziwa yana visa. Mke wangu alichemsha yaliyobaki, yakaganda sufuriani kama mayai ya kukaanga. Nikamwambia sufuria yake chafu."

"Akakujibu nini?"

"Hilo si la maabara."

Minza aliweka pipeti chini. "Mzee. Huyo ng'ombe alizaa lini?"

"Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani."

"Na wewe ulichukua maziwa lini?"

"Jumatatu asubuhi."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee wangu! Hayo si maziwa, hiyo ni dang'a! Ndiyo maana amekupa bure, dang'a hata kwetu haiuzwi. Mtoto wa miaka mitano nyumbani anaijua, ukiipeleka motoni inaganda. Ndama asipoinywa siku ya kwanza hafiki popote, kwa sababu kinga yote ya mama yake imo mle..."

Akayageukia maziwa yangu mezani. Kinga yote ya mama yake. Nilikuwa nimesiliba slaidi za binti wa watu kwa jagi la kingamwili za ng'ombe! Na ng'ombe na mbuzi ni ndugu wa karibu. Kingamwili ya punda, iliyofundishwa kumkamata mbuzi, ilimkuta ng'ombe kila mahali, ikaona wanafanana, ikakamata wote. Mbuzi niliyemwandikia barua hakuwa na kosa lolote. Hata maziwa ya kopo yangetusumbua kidogo, maana nayo ni ya ng'ombe. Sungura alikuwa ametusitiri miaka yote kwa sababu hana undugu na ng'ombe.

"Tusilibe kwa kitu gani sasa?" Minza akauliza.

Jibu nililijua, na lilikuwa limo tangu zamani kwenye daftari alilotuachia Mama Tumpe. Unasiliba kwa seramu, yaani yale maji ya njano yanayobaki damu ikiganda, ya mnyama yuleyule aliyetoa kingamwili ya pili. Kingamwili ya punda haina ugomvi na damu ya punda. Nikaguna. "Kuagiza seramu ya punda ni miezi. Na hapa mjini punda tutampata wapi?"

Minza alinitazama kwa huruma. "Mzee, kwetu wapo wanne."

Alimpigia baba yake, na Jumamosi tukapanda basi la kwenda Chimala, mimi nikiwa nimepakata chupa ya chai iliyojaa barafu. Kutoka barabara kuu tulichukuliwa na afisa mifugo wa kata kwa pikipiki, safari mbili. Mzee Masunga alitupokea zizini, kofia mkononi, fimbo kwapani.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Mimi ni fundi wa maabara, mzee mwenzangu."

"Fundi aliyempakia mwanangu dang'a?"

Nikamtazama Minza. Alikuwa anaangalia milima.

"Ndiye mimi."

"Mhehe?"

"Mhehe."

Akatikisa kichwa polepole. "Nyie mahindi mnayaweza. Ng'ombe waachieni wenyewe." Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikabadilika. "Haya nieleze. Damu ya punda wangu inakwenda kuonyesha nini?"

"Baba, ni kama una ng'ombe mia, na mmoja ana alama nyekundu ndogo. Ukiwapaka wote majivu, ukaacha ile alama tu, unamwona hata ukiwa mbali. Damu ya punda ndiyo majivu."

"Na ukimwona huyo mmoja, umemaliza shule?"

"Nikimwona, nimemaliza."

"Usipomwona?"

Minza alikuwa ameshika kamba ya punda. Aliizungusha mkononi mara mbili. "Nitarudi, baba. Tulikubaliana."

Mzee alimshika punda masikio yeye mwenyewe, akamnong'oneza kitu, na afisa mifugo akachoma mshipa wa shingo. Punda hakutikisika. Aliyetikisika ni mimi, na wote waliona.

Maabara tuliiacha damu igande, tukaizungusha, tukachukua maji yake ya njano. Shavu langu likakwanguliwa tena. Safari hii, bila mbuzi, palikuwa giza tupu, giza zuri kuliko yote niliyopata kuona. Zikabaki slaidi mbili za hospitali.

"Tuziweke mbuzi zote mbili," nikasema. "Tuongeze bahati."

"Moja ni shahidi," akasema Minza.

"Binti, ukiharibu hiyo moja iliyobaki..."

"Moja ni shahidi, mzee. Bahati yako tumeshaijaribu mara kumi."

Alifanya kila hatua mwenyewe, mimi nikawa mtu wa kumtajia saa. Alichungulia, kisha akasogea pembeni, nami nikaweka jicho. Giza, na ndani ya giza viini vimekaa kama vivuli, na ndani ya kila kiini vidoa vya kijani, viwili, vitatu, vikubwa, vyenye kingo zisizo sawa. Pembeni yake slaidi ya shahidi haikuwa na hata kimoja. Nilikuwa nimezitazama nukleoli kwa miaka mingi. Siku hiyo ndipo nilipoona aibu kuzisogelea, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu na viatu vyenye matope.

Siku ya jopo nilikaa kiti cha nyuma. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alifungua ukurasa na kuuliza, "Maabara yenu imezoea maziwa. Kwa nini hapa umetumia seramu ya punda?"

"Tulianza na maziwa," Minza akasema. "Tulitumia dang'a bila kujua, na hatukuweka shahidi. Tukapoteza slaidi kumi."

Tulitumia. Hatukuweka. Angeweza kunitaja, akabeba na mimi. Mtahini aliandika kitu, na uso wake haukuwa mzuri. Magoti yangu yakanyanyuka kabla yangu.

"Mwenyekiti, hizo kumi ni zangu. Yeye aliniuliza tangu mwanzo kama kuna cha kubadilisha, nikamjibu vibaya. Aliyegundua ni yeye."

"Fundi, hukuulizwa," mwenyekiti akasema.

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Watu wakacheka. Mtahini hakucheka. Alivua miwani, akamuuliza Minza, "Na hayo yameandikwa kwenye tasnifu?"

"Slaidi kumi zipo, picha zipo. Dang'a ipo. Jina la fundi halipo."

"Basi liache lisiwepo," akasema. "Mengine yote yabaki. Yupo mtu mahali atakayetaka kutumia maziwa."

Wakatutoa nje ili wajadiliane. Tukiwa tunawasubiri, vijana, ya kwangu ya kuwaachia si mengi. Wekeni shahidi, hasa siku ambayo mnaona hamna nafasi yake. Mkibadilisha mnyama, badilisheni na mawazo. Na ukiandika barua ya lawama, ilaze kwanza siku tatu. Mimi nililazimika kuandika ya pili, ya kumwomba radhi mbuzi, na ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Minza hakuweza kusubiri koridoni. Alirudi maabara, akavaa koti na glavu, akaanza kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nikawa nafuta. Daktari alipofungua mlango alisema maneno matatu tu, "Umepita. Marekebisho madogo," akaondoka haraka, maana yeye naye ni mtu wa machozi ya karibu.

Minza alisimama, maji yanachuruzika. Simu yake ikalia mfukoni mwa koti, akaniashiria kwa kidevu nipokee. Alikuwa baba yake. Nikampa habari.

Nikasikia ng'ombe kwa mbali.

"Kwa hiyo harudi," Mzee Masunga akasema.

"Harudi sasa, mzee mwenzangu."

"Aliona yule mmoja?"

"Alimwona."

"Mpe simu."

Nikaiweka sikioni mwa Minza, nikaishikilia. Wakaongea Kisukuma, sikuelewa hata neno. Nilimwona tu akicheka, kisha akiinua mkono na kujifuta macho kwa glavu ileile yenye sabuni na madawa, jambo ambalo nimelipigia kelele kazini maisha yangu yote. Nikafungua mdomo nimkemee, nikaufunga, nikamsogezea kitambaa.